Risiva ya 5.1: spika za nyuma kimya kwenye Netflix, maneno hayasikiki, sabufa inavuma

Mzee wa Kochi

Wakuu, habari za jukwaa. Nina risiva ya 5.1 (chaneli tano za spika na moja ya besi), spika tano ndogo zenye koni ya inchi 3, na sabufa inayojitegemea umeme. TV ni ya 4K, inchi 55, na inapeleka sauti kwenye risiva kwa waya wa optiko, ule wenye taa nyekundu nchani. Netflix iko ndani ya TV, king'amuzi cha dishi kimeingia TV kwa HDMI.

Shida ni tatu. Spika za nyuma hazitoi kitu kwenye filamu, ingawa nikiwasha toni ya majaribio ya risiva zote zinalia. Maneno ya waigizaji yanazama, halafu risasi zikianza natafuta rimoti mbio. Na sabufa inavuma mmmm hata kama hakuna kinachochezwa. Sebule ni mita 4 kwa 5, chini vigae, kochi limegusa ukuta wa nyuma. Fundi kasema ninunue risiva nyingine. Ni kweli?

Waya Mbili

Mkuu, hifadhi hela yako. Toni ya majaribio inatengenezwa na risiva yenyewe. Kama spika zote zimelia, basi amplifaya, nyaya na spika ni nzima. Kinachokosekana ni sauti ya 5.1 kuifikia risiva.

Cheza filamu yenye alama ya 5.1, kisha soma kioo cha risiva. Kikiandika PCM (sauti isiyobanwa), TV imeshazikunja chaneli zote kuwa mbili kabla ya kutuma. Kikiandika Dolby Digital (sauti ya 5.1 iliyobanwa) na nyuma bado kimya, risiva ndiyo imewekwa kwenye Stereo. Bonyeza kitufe cha kubadili aina ya usikilizaji.

Nina hakika utakuta PCM. Ingia mipangilio ya sauti ya TV, tafuta "Digital Sound Output" au jina linalokaribiana nalo, toa PCM, weka Auto au Bitstream (sauti iende risiva ikiwa bado imebanwa). Kwenye Netflix fungua orodha ya lugha filamu ikiwa inacheza, chagua sauti iliyoandikwa 5.1. Isiyoandikwa hivyo ni stereo. King'amuzi nacho kina menyu yake ya sauti, na mara nyingi kinatoka dukani kikiwa kwenye stereo, kwa hiyo kipitie.

Sasa huo waya wa optiko. Unabeba PCM ya chaneli mbili, Dolby Digital 5.1 na DTS 5.1 ya kawaida (mfumo mwingine wa sauti, mshindani wa Dolby), basi. Netflix inatuma Dolby Digital Plus, ambayo haipiti humo. TV inabidi iigeuze kuwa Dolby Digital kwanza; nyingine zinafanya, nyingine zinaangukia stereo bila kukuambia. Kama risiva yako ina tundu la HDMI OUT lililoandikwa ARC (njia ya HDMI inayorudisha sauti ya TV kwenye risiva), hamia huko leo. Waya utoke tundu hilo uingie tundu la TV lililoandikwa ARC, si tundu lolote. Kisha washa CEC (vyombo kuamrishana kupitia HDMI) pande zote mbili: kwa Samsung inaitwa Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync. Watu wengi wanaosema "ARC haifanyi kazi" hawajawasha CEC.

ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009 na inapitisha Dolby Digital Plus vizuri. eARC, iliyokuja na HDMI 2.1, inahitajika kwa TrueHD na DTS-HD za diski za Blu-ray. Kwa Netflix usiilipie.

Sikio la Tatu

Waya Mbili kamaliza upande wa mawimbi. Mimi naongelea sebule, maana hata 5.1 ikifika, kwa mpangilio huo maneno bado yatazama.

Spika ya kati ndiyo inayobeba karibu mazungumzo yote. Isogeze mpaka ukingo wa mbele wa kabati, maana ikikaa ndani sauti inagonga ubao na kuwa nzito. Kama iko chini ya masikio, iinue pua kwa kipande cha mpira ielekee uso wako. Kisha ingia mipangilio ya viwango uiongeze desibeli 2 au 3. Usiku washa "Night" au "Dynamic Range". Hiyo inashusha milipuko na kupandisha minong'ono, na inafanya kazi vizuri zaidi ukipata Dolby kuliko PCM.

Spika za mbele kushoto na kulia ziwe nyuzi 30 kila upande kutoka katikati ya TV, ukipima kutoka unapokaa. Za nyuma ziwe kati ya nyuzi 100 na 120, yaani ubavuni mwako na nyuma kidogo. Kwa kuwa kochi limegusa ukuta, usizitundike nyuma ya kichwa. Ziweke kuta za pembeni, juu ya masikio kidogo. Ukiweza kulivuta kochi sentimita 40 tu, besi itapungua kuwa nene kupita kiasi.

Vigae vitupu vinarudisha sauti kwa ukali. Zulia kati ya kochi na TV pamoja na pazia zito vitasaidia maneno kuliko spika ya bei mbaya.

Spika za inchi 3 ziwekwe "Small", na mgawanyo wa besi (masafa ambayo chini yake sauti inakwenda kwa sabufa) uwe Hz 120 hadi 150. Ile 80 inayotajwa kila mahali ni ya spika zenye koni ya inchi 5 na zaidi. Kwako itaacha pengo na sauti za wanaume zitakuwa nyembamba. Nyuma ya sabufa zungusha kitufe cha masafa mpaka mwisho, risiva ndiyo ikate, la sivyo besi inachujwa mara mbili. Risiva ikiwa na maiki ya kupimia, iweke usawa wa masikio na uzime feni kabla ya kuanza.

Jambo jingine dogo: hakikisha hakuna spika iliyofungwa kinyume. Chomoa nyaya zake kwenye risiva, gusisha betri ya V 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya. Koni ikitoka nje, sawa. Ikiingia ndani, nyaya zimepishana mahali.

Ethi

Kwenye mvumo. Chomoa waya wa RCA (ule unaoleta sauti kutoka risiva) nyuma ya sabufa, iache ikiwa imewaka. Ikiendelea kuvuma, ugonjwa uko ndani ya sabufa, mara nyingi kapasita za pawa. Ikinyamaza, mvumo unakuja na waya. Urudishe, kisha fungua waya wa dishi kwenye king'amuzi. Ukinyamaza hapo, una mzunguko wa ethi: dishi limegusa ardhi sehemu moja, vyombo vyako sehemu nyingine, na umeme wetu wa Hz 50 unapita katikati.

Chomeka TV, king'amuzi, risiva na sabufa kwenye ekstensheni moja, na fundi umeme aunganishe ganda la waya wa dishi na ethi ya nyumba. Usinunue kitenganishi cha antena ya kawaida: LNB, kile kichwa cha dishi, inahitaji V 13 au 18 kupitia waya huohuo, ukiuzuia chaneli zote zinapotea. Na kamwe usikate mguu wa ethi wa plagi. Mvumo utaisha, lakini hitilafu ikitokea ganda la risiva litakuwa na V 230.

Mzee wa Kochi

Wakuu, ARC imekubali, kioo kinaandika Dolby D+ na nyuma zinalia. Mvumo ulikuwa dishi kweli, fundi umeme ataliunganisha. Imebaki midomo kutangulia sauti kidogo, na filamu kadhaa za flashi ambazo hazitoi sauti kabisa.

Waya Mbili

Safi sana. Midomo ikitangulia, maana yake sauti imechelewa. Risiva inaweza kuichelewesha zaidi lakini haiwezi kuiharakisha, kwa hiyo weka "Audio Delay" sifuri kwenye risiva na TV, kisha badili Auto kuwa "Pass Through" ili TV isipoteze muda kuigeuza sauti.

Filamu za flashi, karibu hakika zina sauti ya DTS. Samsung waliiondoa kwenye TV zao kuanzia 2018, na LG nao matoleo ya 2020 hadi 2022. Zigeuze ziwe Dolby Digital (ac3) kwenye kompyuta kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k mpya.mkv

Picha haiguswi, inanakiliwa ilivyo. Hutaki kugeuza, chezea kwenye kisanduku cha Android kilichochomekwa risiva moja kwa moja. Ila angalia kwanza kama tundu la risiva ni HDMI 2.0 yenye HDCP 2.2 (kinga dhidi ya kunakili filamu za 4K). Likiwa 1.4, 4K itaishia fremu 30 kwa sekunde, na huduma za filamu zitakushusha mpaka 1080p. Ikiwa hivyo, chomeka kisanduku kwenye TV, sauti irudi kwa ARC, na faili za DTS ugeuze tu.