Naombeni ushauri: mke wangu anakosa pumzi, zahanati wanasema ni wasiwasi

Baba Wawili: Wakuu, mke wangu ana miaka 31. Akipanda ngazi anahema, usiku anakohoa. Zahanati mbili wamesema ana wasiwasi tu. Dawa gani ya usingizi haina madhara?

Kipimajoto: Usingizi baadaye. Analalia mito mingapi? Ukimbonyeza mguu kwa kidole, panabaki shimo?

Mzee wa Kona: Mnunulie kitenge, pumzi itarudi yenyewe 😂

Baba Wawili: Mito mitatu. Miguu imevimba, ila si bado ni mzazi.

Kipimajoto: Mzazi? Kajifungua lini?

Baba Wawili: Wiki ya sita hii. Sikuona kama linahusika, nesi kasema wazazi wote huchoka. Tiketi ya Ijumaa nimeshakata, anakwenda Bukoba kwa mama akakandwe.

Nuru wa Wodini: Linahusika kuliko yote uliyoandika. Kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi kama miezi mitano baada ya kujifungua, misuli ya moyo inaweza kulegea, moyo ukatanuka, maji yakajaa mapafuni. Uchovu, miguu kuvimba, kuhema: mwanamke akivitaja anaambiwa ni uzazi, au anaandikiwa nimonia. Lakini uchovu wa uzazi haumwamshi mtu usiku akae kitako kutafuta hewa. Damu iliyoganda mapafuni na presha ya uzazi nazo huja kipindi hikihiki.

Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Zaidi ya 20 si kawaida, 30 ni dharura. Mapigo yakizidi 100 au presha ikifika 140/90, andika. "Najisikia vibaya" hupuuzwa, namba hupimwa. Omba eksirei ya kifua, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko ya moyo. Eko ndiyo inayoonyesha moyo unasukuma kiasi gani. Chini ya asilimia 45, bila sababu nyingine, ndiyo ugonjwa huu wa moyo. Wakikataa, waombe waandike sababu kwenye faili.

Fundi Saa: Naona chai hapa. Mtu wa mito mitatu unampandisha basi la Bukoba?

Baba Wawili: Si chai. Daktari ndiye aliyesoma, mimi nimbishie kwa lipi? Na mama keshajiandaa. Haya, nimemhesabia sasa hivi: 32.

Nuru wa Wodini: Basi achana na tiketi. Ondokeni sasa, hospitali yenye oksijeni, si zahanati. Akae wima njiani. Eko inaweza kungoja asubuhi. Oksijeni na sindano ya dawa ya kutoa maji haziwezi. Mapokezi anzeni na hili: kajifungua wiki sita, pumzi 32, hawezi kulala chali.

Mama Salma: Daktari akikugeukia wewe na maswali, yarudishe kwa mkeo. Mgonjwa ndiye anayejua ilianza lini.

Fundi Saa: Bado nina shaka na huu uzi. Ila kama ni kweli, mtoto mwende naye, na mseme ananyonya. Kuna dawa ya ugonjwa huo inayokata maziwa.