Mwenza amefungua 1 kopa: mikono 6, nijibu nini?

kiti_cha_kusini

Wakuu, naomba mnisahihishe. Tunacheza briji kwa mfumo wa jamii kubwa za karata 5: akifungua 1 kopa au 1 shupaza, anazo 5 au zaidi. 1BT (bila turufu) ni pointi 15 hadi 17. Hesabu ni ile ya kawaida: ree (A) 4, mfalme (K) 3, malkia (Q) 2, ghulamu (J) 1.

Kaskazini, ambaye ndiye mwenza wangu, anagawa na kufungua 1 kopa. Mashariki anapasi. Mimi Kusini nina mmoja wa mikono hii:

A) shupaza K 8 4, kopa J 9 7, uru Q 10 6 3, pau 8 5 2
B) shupaza 6, kopa K 9 4 2, uru A 8 7 5 3, pau J 10 4
C) shupaza Q 7 3, kopa 5, uru K J 9 6 4 2, pau 10 8 3
D) shupaza A J 10 6, kopa 8 3, uru K Q 5, pau K 9 4 2
E) shupaza 4, kopa Q 10 8 6 3, uru K 9 7 5 2, pau 6 4
F) shupaza A 9, kopa K 7 2, uru A Q J 8 4, pau 7 5 3

Majibu yangu: A pasi, B 2 kopa, C 2 uru, D 3BT, E pasi, F 4 kopa. Nimekosea wapi?

turufu_tano

Mkuu, umekosea yote sita. Usivunjike moyo, maana makosa yenyewe ni mawili tu, yamejirudia mara tatu tatu. Kwenye A, B na E umehesabu pointi kabla ya kuhesabu turufu. Kwenye C, D na F hujatofautisha dau linalofunga mlango na dau linalouacha wazi.

Tuanze na turufu. Akisema 1 kopa amekwisha kukuambia anazo 5. Ukiwa na 3, mna 8 kati ya 13, na hizo zinatosha kuwa turufu. Hapo hutafuti tena jamii ya kuchezea, unatafuta urefu wa ngazi tu (ngazi ni idadi ya mizunguko unayoahidi kula juu ya 6).

Mkono A una pointi 6. Mwenza aliyefungua ngazi ya 1 anaweza kuwa na 12, lakini pia anaweza kuwa na 19 au 20. Ukipasi na 6 wakati yeye ana 20, mnazo 26, yaani gemu (dau lenye zawadi kubwa, kama 3BT, 4 kopa au 4 shupaza), na mnabaki kucheza 1 kopa. Kwa hiyo 5 kushuka chini unapasi, 6 kupanda unasema. Jibu ni 2 kopa, maana yake kopa 3 au zaidi na pointi 6 hadi 9. Mwenza atapasi akiwa na 12 hadi 15, atakuuliza kwa 3 kopa akiwa na 16 hadi 18, na kuanzia 19 atakwenda 4 mwenyewe.

Mkono B ndio wenye mafunzo mengi zaidi. Kwa macho una pointi 8, ndiyo maana ukaona 2 kopa inatosha. Lakini una turufu 4 na shupaza moja tu. Shupaza ya pili ikichezwa, mkono wako unakata kwa turufu. Ukisha kukutana na mwenza kwenye jamii, upungufu huo unalipwa: kukosa jamii kabisa ni 5, karata moja ni 3, karata mbili ni 1. Hii ni kwa mwenye turufu 4 au zaidi. Ukiwa nazo 3 tu punguza, kwa sababu huna za kukatia nyingi. Na usizihesabu kabla hamjakutana, maana karata moja kwenye jamii ya mwenza ni hasara tupu. B basi ni 8 na 3, jumla 11: jibu ni 3 kopa, dau lenye kikomo la 10 hadi 12 na turufu 4. Halilazimishi. Mwenye 12 au 13 zisizo na umbo atapasi, mwenye 14 ataongeza.

Hasara ya 2 kopa hapo? Mwenza mwenye 14 atapasi. Mkila mizunguko 10 mnaandikiwa 170. Mkono uleule kwenye 4 kopa ni 420, au 620 mkiwa hatarini (hali ambayo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi).

Mkono E ni wa aina nyingine. Pointi 5, lakini turufu 5: zake 5 na zako 5 ni 10. Mfaransa Jean-René Vernes alieleza mwaka 1969 kwamba jumla ya mizunguko inayopatikana kwa pande zote mbili hukaribia jumla ya turufu za pande zote mbili. Wachezaji wakafanya kanuni fupi: turufu 8 panda hadi ngazi ya 2, turufu 9 ngazi ya 3, turufu 10 ngazi ya 4. Jibu ni 4 kopa, mara moja, bila kusita. Likikubali, vizuri. Likikataa, kuna uwezekano mkubwa wapinzani walikuwa na gemu ya shupaza, nawe umewafungia mlango. Ukipigwa dabo (mpinzani akiongeza malipo ya dau lako) na kupungukiwa mizunguko 2 bila kuwa hatarini unalipa 300; 4 shupaza yao ingekugharimu 420 au 620.

Sasa C, D na F. Jamii mpya unayotaja wewe unayejibu (kama hukupasi mwanzo) inamlazimisha mwenza kusema tena. Kwenye ngazi ya 1 inahitaji pointi 6 tu na karata 4. Kwenye ngazi ya 2 inahitaji 10 au zaidi. Mkono C una 6, kwa hiyo 2 uru ni uongo wa pointi 4. Mwenza mwenye 15 atajumlisha 25, atakwenda 3BT, na utaanika mkono wa pointi 6 mezani huku akikutazama. Sema 1BT. Jibu hilo halina maana kwamba jamii zako zina urefu unaokaribiana, maana yake ni 6 hadi 9, sina kopa 3, sina shupaza 4. Akisema 2 pau, wewe sema 2 uru, naye atajua una uru nyingi na nguvu kidogo. Akirudia 2 kopa, pasi. Usikimbilie 3 uru.

Mkono D: zako 13 na zake 12 kweli zinafika gemu, haraka ndiyo tatizo. 3BT inaruka ngazi mbili nzima ambazo mngezitumia kuzungumza. Sema 1 shupaza. Haina kikomo juu, na mwenza hawezi kupasi. Akiunga 2 shupaza, ana 4, nenda 4 shupaza. Akisema 1BT (12 hadi 14), nenda 3BT. Akirudia 2 kopa, ana 6, na zako 2 zinafanya 8: 4 kopa. Akitaja 2 pau au 2 uru, 3BT bado ipo palepale. Kila njia inakufikisha.

Mkono F una 14 na kopa 3. Ukisema 4 kopa mwenza ataelewa ni mkono kama E, na akiwa na 18 atapasi mkiwa na slemu (dau la mizunguko 12 au 13). Anza na 2 uru, kisha unga kopa zamu inayofuata. Kuunga baada ya kutaja jamii mpya ngazi ya 2 humwambia una nguvu. Kuruka moja kwa moja humwambia una turufu nyingi na pointi chache.

pau_mbili

Nakubaliana na turufu_tano, ila niongeze kwa wanaokaa na wachezaji wa Acol, mfumo uliozaliwa London miaka ya 1930. Pale 1 kopa inaweza kuwa karata 4 tu, na 1BT ya kufungua kwa kawaida ni 12 hadi 14. Kwa hiyo 2 kopa huungwa hasa ukiwa na 4. Ukiwa na 3, tafuta pia upungufu mahali fulani. Mkono A, 4-3-3-3 na kopa 3, kwa Acol ni 1BT. Mkono B unabaki 3 kopa bila mjadala. Mkono E unabaki 4 kopa, ingawa turufu huenda zikawa 9.

Kabla ya kukaa na mtu mpya uliza maswali mawili: kopa zako ni 4 au 5? 1BT yako ni dhaifu au ya 15 hadi 17? Bila hayo, jibu lolote mtakalopewa hapa ni la kubahatisha.

uru_kumi

Mimi napinga kidogo kwenye C na F. Siku hizi wengi mtandaoni wanacheza "mbili juu ya moja", ambapo jamii mpya ngazi ya 2 juu ya 1 kopa au 1 shupaza inawalazimisha wote wawili kufika gemu. Yaani si 10 tena, ni 12 au 13 kwenda juu. F inanufaika sana: 2 uru, akirudia 2 kopa, unasema 3 kopa kwa utulivu, na bado hakuna anayeruhusiwa kupasi. Mnabakiwa na nafasi ya kuulizana ree.

Bei yake inalipwa kwenye 1BT. Mkono wa 10 au 11 usio na kopa 3 hauwezi kusema 2, basi unasema 1BT, na 1BT hiyo inamlazimisha mfunguaji kusema tena. Akiwa na 5-3-3-2 atataja jamii ndogo (pau au uru) ya karata 3. Kwenye C akisema 2 pau usidhani ana 4, wewe rudi kwenye 2 uru yako. Anayechanganya mifumo hii miwili, mmoja akidhani 1BT inalazimisha na mwingine akidhani haifanyi hivyo, ataachwa kwenye 1BT na pointi 11 mkononi.

Na kwa F, msitumie 2BT ya Jacoby (kuunga kopa kwa nguvu ya gemu). Ile inahitaji turufu 4. F ana 3.

kiti_cha_kusini

Asanteni sana, sasa naona. Je, Mashariki asipopasi? Tuseme anapiga dabo, au anaingia na 1 shupaza, au 2 pau. Na ikiwa mimi nilishapasi kabla mwenza hajafungua?

turufu_tano

Dabo (hapa inamwomba mwenzake ataje jamii nyingine): A bado ni 2 kopa. E bado ni 4 kopa, tena kwa furaha zaidi, maana dabo hiyo karibu inakuambia shupaza ziko kwao. B inabadilika. Wengi hutumia 2BT baada ya dabo kuonyesha 10 au zaidi na turufu 4, ili 3 kopa ibaki ya kuziba njia kwa mkono dhaifu wenye turufu 4. D ni ridabo (dabo juu ya dabo): 10 au zaidi, na kopa chache.

1 shupaza: mkono C pasi. 2 uru bado inahitaji 10, na 1BT sasa inadai kizuizi cha shupaza (karata ya kuwazuia wasile shupaza mfululizo) na pointi 8 hivi. Kwa nini kupasi si hatari tena? Kwa sababu Mashariki amesema, kwa hiyo mwenza atapata zamu nyingine. Ule ulazima wa kusema na 6 ulikuwepo kwa vile pasi yako ingeweza kuua mnada.

2 pau: D ni dabo. Si ya kuadhibu, inasema nina shupaza 4 na pointi za kutosha. Kwa B, taja jamii ya mpinzani, 3 pau, maana yake "naunga kopa, nina 10 au zaidi". 3 kopa moja kwa moja hapo ni dhaifu.

pau_mbili

Ukishapasi, mambo mawili yanageuka. La kwanza, jamii mpya hailazimishi tena. 1 shupaza yako inaweza kupasiwa, basi usiitaje jamii usiyo tayari kuichezea. La pili, mwenza wa zamu ya tatu au ya nne hufungua hata na pointi 10, na mkono B ukiruka 3 kopa mnaweza kuanguka kabla ya kufika popote.

Ndiyo sababu Douglas Drury wa Kanada, ambaye mwenza wake alikuwa akifungua kwa mikono myepesi, alibuni 2 pau: ukishapasi, 2 pau juu ya 1 kopa au 1 shupaza haihusu pau kabisa, inasema "naunga, nina kama 10 hadi 12, wewe unazo kweli?" Kwa toleo linalotumika zaidi leo, mfunguaji mwepesi anarudi 2 kopa na mnasimama hapo. Jibu lingine lolote ni la mwenye mkono kamili. Mkikubaliana nayo, mezani anayelieleza kwa wapinzani ni mwenza, ila kwenye BBO (tovuti ya kuchezea briji) unalieleza mwenyewe uliyetoa dau.

uru_kumi

Na usifikiri dakika nzima kisha useme 2 kopa. Mwenza akiongeza hadi 3 na mkono wa kupasi, wapinzani wana haki ya kumwita mwamuzi kwa Sheria ya 16, kwa sababu kusita kwako kumemwambia una 9 nzuri. Mikono kama B na E ihesabu wakati Mashariki bado anatafuta la kusema.