Naomba ushauri: igizo letu la Mateso linaishia kaburini, na wazee wamelikataa

Mpiga Gitaa wa Parokia:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Ninaongoza vijana katika parokia moja mkoani Dodoma, na kwa miezi minne tumekuwa tukiandaa igizo la muziki la Mateso ya Bwana Yesu, litakaloonyeshwa jioni ya Ijumaa Kuu baada ya ibada. Tumetumia magitaa na ngoma badala ya kinanda, na nyimbo kadhaa zina mwendo wa rumba, kwa kuwa huo ndio muziki unaosikika majumbani mwetu.

Halmashauri ya walei ilipotazama mazoezi haikulalamikia magitaa, kama nilivyohofia. Wazee walikataa mambo mawili: kwamba wimbo wa majuto wa Yuda ni mrefu kuliko wa mtume mwingine yeyote, na kwamba igizo linakwisha jiwe linapovingirishwa mlangoni pa kaburi, bila ufufuko. Mwenyekiti alisema mtoto atatoka pale akidhani Yuda ndiye shujaa na Kristo alishindwa. Neno hilo limeninyima usingizi, kwa sababu sikukusudia kumkwaza mtu. Je, nibadili mwisho na kuufupisha wimbo wa Yuda, au nitetee kazi ya vijana? Zimebaki wiki tano.

Msomaji wa Tamthilia:
Ndugu, mabishano haya si mapya. Jesus Christ Superstar, opera ya rock ya Andrew Lloyd Webber na Tim Rice kuhusu siku za mwisho za Yesu, ilitoka kwanza kama santuri mwaka 1970, na ilipopanda jukwaani Broadway, New York, Oktoba 1971, waandamanaji walisimama nje ya ukumbi, na miongoni mwa malalamiko yao yalikuwamo hayo hayo mawili. Kipande chake cha mwisho ni muziki usio na maneno, nacho kimepewa jina la Yohana 19:41, mstari unaotaja bustani na kaburi jipya. Hata hivyo usijitetee kwa mfano huo. Wale waliwaandikia watu wanaonunua tiketi. Wewe unawaandikia waumini waliofunga siku nzima, ambao kesho yake usiku watarudi kanisani kwa Mkesha wa Pasaka. Kwao kaburi lililofungwa Ijumaa si kushindwa, ni kungoja.

Mwalimu wa Kwaya Mstaafu:
Kijana wangu, wimbo wa Yuda usiuguse. Mathayo 27 inasema alijuta, akarudisha vile vipande thelathini vya fedha na kukiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Kosa lako liko kwa Petro, ambaye umemwacha bila wimbo. Naye alimkana Bwana mara tatu, kisha akatoka nje akalia kwa uchungu. Mpe wimbo, tena katika sauti ile ile ya Yuda, ili msikilizaji awaone watu wawili walioanguka usiku mmoja na kujiuliza kwa nini mmoja alirudi na mwingine hakurudi.

Kuhusu mwisho, soma Marko 16. Nakala kongwe za Injili hiyo zinaishia mstari wa 8: wanawake wamekuta kaburi wazi, wamesikia kwamba amefufuka, nao wanakimbia wakitetemeka. Hata Marko hakutuonyesha Bwana akitoka kaburini. Waache akina mama wabaki jukwaani wakitayarisha manukato baada ya jiwe kufungwa, na taa zizimwe hapo.

Mwana wa Unguja:
Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo mwisho wa igizo nawaachia wenyewe. Ila kwetu tuna maulidi ya homu, ambayo wasomaji hupiga magoti kwa safu, wakiyumba pamoja kwa mlio wa matari huku wakimsifu Mtume, nayo pia yana wanaoyapinga. Mtaani kwetu niliona upinzani ukipoa pale wazee walipokaribishwa safuni. Wazee wako wameitwa kukagua tu, waiteni washiriki.

Mpiga Gitaa wa Parokia:
Nawashukuru nyote kwa dhati. Wimbo wa Petro tumeuanza jana, na akina mama wawili wa jumuiya wamekubali kubeba manukato. Leo jioni nakwenda nyumbani kwa mwenyekiti kumwomba awe Yusufu wa Arimathaya, yule mtu wa baraza aliyeuomba mwili wa Bwana kwa Pilato, ili jiwe alivingirishe yeye mwenyewe.