Kambale wananenepa tumboni, hawakui. Ni wanga?

bwawa_mbili:
Wakuu, naomba msaada. Nafuga perege na kambale, kila mmoja na bwawa lake. Nilipunguza unga wa samaki kwenye chakula nikaongeza unga wa mahindi na pumba, nikiamini wanga utawapa nguvu, protini ibaki ya kujenga mwili. Perege wanakwenda vizuri. Kambale huu mwezi wa pili urefu ni uleule. Jana nimepasua watatu: utumbo umezungukwa na mafuta meupe, ini limevimba na limepauka kama udongo wa mfinyanzi. Nimekosea wapi?

mchanganyaji:
Pole mkuu. Wazo lako ni la kweli, ila umewapa wote chakula kimoja. Perege anamudu wanga vizuri, na anapokua protini ya asilimia 28 hadi 32 inamtosha. Kambale anataka karibu 40. Ulipopunguza unga wa samaki, alipata nguvu tele lakini vya kujengea nyama vikapungua. Nguvu ikizidi inageuka mafuta, na ini linajaza glikojeni, yaani sukari ya akiba. Ndicho ulichokiona.

Na tusiwafananishe samaki na sisi. Wao huichoma protini yenyewe kupata nguvu, maana taka yake, amonia, inatoka nje kupitia matamvua moja kwa moja bila gharama kubwa. Trauti, samaki mla nyama kamili, ukimlisha wanga mwingi sukari hukaa juu kwenye damu kwa saa nyingi.

bwawa_mbili:
Basi niongeze mafuta? Nasikia yana nguvu zaidi.

mchanganyaji:
Yanayo. Gramu 1 ya mafuta ina kilojuli (kipimo cha nguvu) kama 39, protini 24, wanga 17. Na kweli mafuta huokoa protini isichomwe. Lakini kambale wako tayari wamejaa mafuta! Rudisha protini kwanza. Mafuta ukija kuyatia yawe mapya kabisa. Yaliyochacha yanaliharibu ini.

mama_vifaranga:
Mkuu, huo unga unaupika? Wanga mbichi samaki huumeng'enya kwa shida, mwingi unatoka na kinyesi na kuchafua maji. Mimi napika uji mzito mpaka ukiuvuta kwa vidole unanata, ukipoa ndiyo nachanganya na vingine.

bwawa_mbili:
Nilikuwa natia mkavu. Leo natenga kambale ishirini, nawapima uzito, naanza nao chakula kipya. Nikimpasua wa kwanza nitawaambia ini lina rangi gani.