Majina ya klasi kwenye CSS: nipange vipi?

MwanaShela: Salaam wakuu. Natengeneza tovuti ya nyumba ya wageni hapa Shela. Faili la CSS (lugha ya kupanga sura ya kurasa) limejaa klasi, yaani majina ya kushikia mtindo, kama .buluu, .kushoto, .kubwa3. Mwenye nyumba sasa ataka vitufe vya kijani, na .buluu iko kila ukurasa. Tena .2vitanda haishiki mtindo kabisa.

Fundi_Langoni: Waalaikumu salaam. HTML, lugha ya kuundia ukurasa wenyewe, yaikubali 2vitanda, lakini kwenye CSS jina la klasi haliandikwi hivyo kwa kuanza na tarakimu. Kivinjari huiruka kanuni nzima kimyakimya. Iite .vitanda-2. Kuhusu .buluu, jina litaje kazi ya kitu, si sura yake: .kitufe-nafasi kwa kitufe cha kuweka nafasi. Hapo rangi yabadilishwa mahali pamoja tu.

Bi_Kodi: Kwa kadi za vyumba, BEM (Block, Element, Modifier, utaratibu wa kupanga majina ya klasi) yatosha: .chumba, .chumba__bei, .chumba--kimejaa. Mistari ya chini miwili ni sehemu, vistari viwili ni hali. Kwenye HTML weka zote mbili, class="chumba chumba--kimejaa"; ukiacha ya msingi, kadi yapoteza mpangilio wake. Na .chumba__picha__maelezo ni mbwembwe, andika .chumba__maelezo.

Fundi_Langoni: Naam. Kabla hujafuta .buluu, itafute kwenye JavaScript pia (lugha ya skripti, yaani programu ndogo za ukurasa), huenda skripti yaitegemea. Klasi za skripti zianze na js- na zisipewe mtindo wowote. Andika herufi ndogo tupu: .Bei na .bei ni klasi mbili.