Laki 9 kwa kompyuta ya gemu za mtandaoni: i7 ya kizazi cha 4 au i5 ya kizazi cha 8?

mchezaji_mbagala

Wakuu, heshima kwenu. Nimetenga laki 9 kwa kompyuta ya mezani ya kuchezea Valorant, CS2 na Fortnite. Skrini ninayo, inchi 22, 1080p, ina HDMI na VGA tu. Kibodi na mausi vipo.

Kariakoo nimepewa machaguo mawili. La kwanza ni Dell OptiPlex 9020 ya kasha dogo, ile SFF, i7-4790, RAM 16, HDD ya TB 1, laki 4. La pili ni HP EliteDesk 800 G4 ya kasha refu, i5-8500, RAM 8, SSD ya GB 256, laki 4 na nusu. Zote hazina GPU (kadi ya picha). Muuzaji ananiambia i7 ni i7, na nikiongeza RX 580 ya mtumba nitacheza kila kitu.

Nichukue ipi, na kadi gani? Pia kwenye laptopu ninayotumia sasa, CS2 inasoma pingi (muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde) 190 na kupanda. Intaneti ni rauta ya 4G, tunaitumia watu wanne. Nikibadilisha kompyuta pingi itashuka?

fundi_bodi

Mkuu, chukua HP, na usitumie muda mwingi kufikiria. Neno i7 peke yake halisemi kitu mpaka ujue ni ya kizazi gani. i7-4790 ina kori 4 na nyuzi 8, inatumia DDR3. i5-8500 ina kori 6 kamili, inatumia DDR4. Kwenye gemu hizi tatu zinazotegemea prosesa, hiyo i5 inakwenda sawa au inapita.

Lakini sababu kubwa ni Windows. Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), la sivyo inakataa kufunguka na kukupa kosa la VAN9001 au VAN9003. OptiPlex 9020 ni ya enzi ya TPM 1.2, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8. Utabaki Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wenye gemu nao wanazidi kubana: Battlefield 6 imetoka ikidai Secure Boot kwa kila mchezaji. Ukinunua kizazi cha 4 leo, unanunua mashine ambayo mlango unafungwa mbele yake.

Sababu ya tatu ni kasha. SFF inaingia kadi fupi za kimo cha chini peke yake, ambazo ni adimu na bei yake huwa juu kuliko kadi ileile ya kimo cha kawaida. Kasha refu linakupa uhuru.

Sasa RX 580. Hapo muuzaji anakupeleka pabaya. Kadi hiyo inakula hadi wati 185 na inataka waya wa pini 8 kutoka kwenye pawa saplai. Piga hesabu: prosesa wati 65, kadi 185, bodi na diski na feni tuseme 30. Jumla 280. Fungua kasha la hiyo HP usome lebo ya pawa saplai: nyingi za ofisini ni za wati 250 na hazina waya wa pini 8 kabisa. Utaambiwa ununue kiunganishi cha kubadilisha SATA kuwa pini 8. Usikubali. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba takribani wati 54 kwenye mstari wa volti 12, ukiisukuma zaidi inayeyuka, na mara nyingi inayeyuka ukiwa katikati ya mechi kwa sababu ndipo mzigo ulipo. Kubadilisha pawa saplai nzima nako si rahisi, maana HP na Dell wa ofisini hawatumii ile plagi ya pini 24 ya kawaida. Itabidi ununue na kiunganishi chake.

Kadi yako ni GTX 1650 ya GB 4, ile isiyo na tundu la waya wa nyongeza. Inatumia wati 75, na wati 75 ndizo sloti ya PCIe x16 inazotoa. Hesabu inarudi 170, pawa ya wati 250 inapumua. Angalia usichanganye na GTX 1650 Super: hiyo inataka pini 6. Na hata hizo 1650 za kawaida, baadhi ya watengenezaji waliweka tundu la pini 6, kwa hiyo itazame kadi kwa macho ukingoni juu, usiamini jina tu.

Mgawanyo wangu: mashine 450,000, kadi isizidi 300,000, inayobaki iende kwenye RAM.

neema_hardware

Nakubaliana na fundi, naongeza kuhusu kadi za mtumba maana hapo ndipo hela inapopotea.

GTX 1050 Ti bado zinauzwa sana na nazo ni wati 75. Mtu atakushawishi kwa kuwa ni nafuu. Tatizo, NVIDIA wamefunga draiva mpya za gemu kwa familia ya GTX 10 tangu Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu. GTX 1650 ni familia ya Turing, bado inapata draiva. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, usiiguse 1050 Ti.

Halafu kuna kadi bandia. Wanachukua GTS 450 au GTX 550 Ti ya zamani, wanaandika upya BIOS yake (programu iliyo ndani ya kadi), Windows inaisoma 1050 Ti na GB 4. Nenda na flashi yenye GPU-Z, ni programu ndogo haihitaji kusakinishwa. Ifungue ukiwa dukani, usome mstari wa Shaders (idadi ya vichakataji vidogo vya kadi) na mstari wa GPU (jina la chipu). GTX 1650 halisi: TU117, shaders 896, basi ya biti 128. GTX 1050 Ti halisi: GP107, shaders 768. Ukikuta GF116 na 192, rudisha kadi mezani uondoke. GPU-Z za kuanzia 2018 zenyewe huandika neno FAKE mbele ya jina. Dalili nyingine ni draiva kutoka tovuti ya NVIDIA kukataa kuingia, na muuzaji kusema "tumia tu ile iliyopo kwenye CD".

Hata RX 580 ina mtego wake: zipo zenye shaders 2048 badala ya 2304, zinauzwa kwa jina lilelile.

Kadi ikipita hapo, iwashie FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mzito, dakika 15. Unatazama vitu vitatu: joto lisipite nyuzi 85, feni isitetemeke wala kugonga, na picha isitoe vidoti vya rangi au mistari. Vidoti vikitokea kadi ikiwa ya moto, memori yake imechoka. Hakuna draiva itakayoitibu.

Na kabla hujalipia hiyo HP, iwashe ubonyeze F10 uingie BIOS. Ikiomba nywila na muuzaji haijui, usinunue. Mashine hizi zinatoka maofisini, nyingine zimefungwa, na bila kuingia BIOS hutaweza kuwasha Secure Boot.

ryzen_pwani

Mbona hamtaji Ryzen 5 5600G? Kori 6, nyuzi 12, ina Vega 7 (sehemu ya picha) ndani yake, huhitaji GPU ya kuongeza. Bodi ya A520, RAM 16, SSD, kasha na pawa mpya ya wati 450. Baadaye unaongeza kadi yoyote unayotaka. Vyote vipya vyenye waranti, si mabaki ya ofisi za watu.

fundi_bodi

@ryzen_pwani njia hiyo ni nzuri kwa mwenye milioni 1.2 kwenda juu. Kwa laki 9 haikai, hasa sasa. RAM na SSD zimepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, na hiyo 5600G bila RAM mbili za GB 8 zinazofanya kazi kwa pamoja inakuwa kiwete, kwa sababu Vega haina memori yake, inakopa RAM ya mashine. Mtu akibana akaweka kijiti kimoja cha 16, fremu zinashuka vibaya. Halafu hata ikiwa imekaa sawasawa, Vega 7 iko nyuma sana ya GTX 1650. Valorant itakwenda vizuri, ila CS2 kwenye moshi na moto mwingi utaona inavyohema.

Hapo kwenye bei ya RAM kuna faida ya mtumba: unanunua mashine ambayo RAM imo tayari. @mchezaji_mbagala mwambie muuzaji akupe hiyo G4 ikiwa na 16, umwongezee kidogo. Mara nyingi ni nafuu kuliko kununua kijiti dukani. Ikishindikana, fungua Task Manager, kipengele cha Performance, bonyeza Memory, usome Slots used. Ikisema 1 of 4, ongeza kijiti kimoja cha GB 8 DDR4 2666. Ikisema 2 of 4, ni vijiti viwili vya GB 4, ongeza jozi nyingine kama hiyo.

SSD ya GB 256 itakubana. CS2 peke yake inataka GB 85, ukiweka na Windows na Valorant, Fortnite inakosa pa kukaa. Anza na gemu mbili, SSD ya SATA ya pili uinunue mwezi mwingine. Usiweke gemu kwenye HDD ya zamani ili kuokoa. Utaingia ramani wenzako wakiwa wameshaanza raundi.

mawimbi_4G

Najibu la pingi: kompyuta haishushi pingi. Kompyuta inaongeza fremu, pingi ni njia kati ya rauta yako na seva.

Ishara kwenye nyaya za chini ya bahari inakwenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 100 za umbali zinagharimu milisekunde 1 kwenda na kurudi. Dar hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo 40 ni sakafu ambayo hakuna kifurushi kinachoweza kuishusha. Johannesburg ni karibu zaidi, kama 2,500. Ulaya nyaya zinazunguka Bahari ya Shamu na Misri, kwa hiyo 150 na kuendelea ni hali ya kawaida. Hiyo 190 yako inanuka seva ya Ulaya. Valve wana seva Dubai na Afrika Kusini. Kwenye CS2 ingia mipangilio ya Game, tafuta Max Acceptable Matchmaking Ping, ishushe. Utasubiri mechi muda mrefu zaidi, ila ukipata utakuwa umepata ya karibu.

Sasa pima upande wako. Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya wa Cat5e, kisha kwenye Command Prompt andika `ping -n 100` ukifuatiwa na anwani ya rauta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Kwa waya inatakiwa isome 1 au chini. Rudia kwa WiFi. Ikirukaruka kati ya 3 na 80, adui yako ni WiFi. Kisha tumia ping hiyo hiyo kwa 8.8.8.8 (seva ya Google) mara mbili, kwanza nyumba ikiwa kimya, halafu mtu mmoja akitazama video na mwingine akipakia picha. Ikitoka 60 ikaenda 400, foleni inajengeka ndani ya rauta na kwenye mnara. Hapo ingia kwenye rauta, utafute QoS (mpangilio wa kugawa kipaumbele cha intaneti) au ukomo wa kasi kwa kila kifaa, uwabane hao wengine wasimalize njia, hasa upande wa kupakia. Watu hukimbilia kununua bando kubwa zaidi, wakati gemu yenyewe inakula data kidogo.

Na usome RSRP (nguvu ya mawimbi ya 4G) kwenye ukurasa wa rauta. Ikiwa -85 uko vizuri. Ikiwa -105 au mbaya zaidi, sogeza rauta dirishani upande wa mnara kabla ya kulaumu seva.

mchezaji_mbagala

Asanteni sana wakuu, na dada Neema. Nimeshikilia HP. Muuzaji amekubali RAM 16 kwa 480,000. BIOS inafunguka bila nywila. Ila nimebonyeza msinfo32, inaandika BIOS Mode: Legacy. Secure Boot nitaiwashaje bila kufuta Windows?

fundi_bodi

Legacy maana yake mashine inawaka kwa njia ya zamani, si UEFI, na diski imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR badala ya GPT. Ukiwasha Secure Boot moja kwa moja, mashine haitaona Windows. Fuata mpangilio huu.

Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi. Andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`. Ikikubali, andika `mbr2gpt /convert /allowFullOS`. Mafaili yako hayafutiki, lakini vya muhimu vinakili kwanza pembeni, umeme ukikatika katikati hakuna wa kukusaidia. Ikikataa kwenye validate, mara nyingi diski ina sehemu (partition) nne za msingi na mbr2gpt inaruhusu tatu tu. Kwa mashine uliyonunua leo ni bora usakinishe Windows 11 upya kwenye diski tupu.

Ikimaliza, washa upya, F10, tafuta Secure Boot Configuration, chagua Legacy Support Disable and Secure Boot Enable, hifadhi. HP itawaka na maandishi yanayokutaka uandike namba ya tarakimu nne kisha Enter. Wengi wanadhani mashine imeharibika wanazima, na badiliko linafutika. Andika namba hiyo. Ukirudi, msinfo32 isome UEFI na Secure Boot State: On, na `tpm.msc` isome 2.0.

Halafu kebo ya HDMI ichomeke kwenye GTX 1650, si kwenye tundu la bodi. Kosa hili ndilo linaloleta malalamiko ya "kadi mpya haina tofauti".

neema_hardware

Kuhusu kushusha GB 85 kwa bando la 4G: tafuta mwenye CS2 tayari, uende na kompyuta yako, mchomeke wote kwenye rauta moja. Kwenye Steam, Settings, Downloads, kuna Game File Transfer over Local Network. Upande wake aruhusu kila mtu, kwa sababu akaunti ni tofauti. Ukibonyeza Install kwako, mafaili yanatoka kwake, intaneti inagusa kidogo tu. Kwa waya wa gigabiti ni dakika 15 hadi 20, kwa WiFi jiandae na saa kadhaa. Fortnite haina huduma hiyo: anza kushusha kwako mpaka ifike asilimia 2, isitishe, nakili folda la Fortnite la mtu aliye nayo juu ya folda lako, kisha uendelee. Epic itakagua mafaili na kushusha yaliyopungua tu.