Nimeuziwa shasi ya Beetle yenye hati ya gari jingine

Wakuu, salaam. Nina hasira, lakini nitaeleza kwa mpangilio, kwa kuwa wapo humu wanaoishi Uingereza na wanaotamani, kama mimi, kuunda bagi (gari dogo la wazi la kutembelea mchangani) yenye bodi ya faibaglasi juu ya shasi ya Volkswagen Beetle kuukuu, kwa mtindo aliouanzisha Bruce Meyers kule California mwaka 1964.

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari ya zamani alitangaza shasi ya Beetle ya 1968, iliyokwisha kufupishwa na yenye hati ya usajili. Alichoniletea ni shasi ya 1303, modeli iliyotoka 1972. Anayeyajua magari haya ameshaelewa kilio changu: sehemu ya juu ya shokapu za mbele za 1303 hufungwa kwenye bodi ya chuma ya Beetle yenyewe, ilhali bodi ya bagi haina pa kuzishikilia, kwa sababu ilibuniwa kwa ekseli ya mbele ya mabomba mawili inayofungwa moja kwa moja kwenye shasi. Sasa naelewa kwa nini picha zote za tangazo zilipigwa kutoka nyuma.

Ufupishaji wenyewe ni aibu tupu. Shasi hukatwa takriban sentimita 36 ili ilingane na bodi fupi ya bagi, pamoja na handaki la katikati, yaani boksi refu la chuma kwenye sakafu ambamo hupita fimbo ya gia na vibomba vya waya za klachi na akselereta. Huyu bwana alichomelea ganda la nje, akasiliba puti, akamalizia kwa rangi nyeusi iliyong'aa vizuri sana, ila vipande viwili vya kibomba cha klachi havikukutana na waya haupiti. Kurekebisha hilo ni kulikata upya handaki.

Chuma kina dawa yake. Kinachonikera zaidi ni hati. Volkswagen iligonga namba ya shasi juu ya handaki, chini ya kiti cha nyuma. Nilipokwangua rangi mahali hapo nilikuta namba inayoanza na 133, ambayo ni ya 1303, wakati hati niliyopewa ina namba inayoanza na 118, kama ilivyo kwa Beetle za modeli ya 1968. Kwa maneno mengine, nimeuziwa karatasi za gari moja na chuma cha gari jingine, na sijui hicho chuma kilitoka kwa nani.

Nilipomwandikia, alinijibu kwamba magari ya kujiundia hayawafai watu walalamishi, na kwamba namba "hugongwa upya tu". Yaani ananishauri nighushi! Nimemjulisha kwa maandishi kwamba naikataa bidhaa hii ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa na Sheria ya Haki za Wateja ya 2015, kwa kuwa hailingani na maelezo yake, na kwamba gharama ya kuja kuichukua ni yake. Hadi sasa yuko kimya. Aliyewahi kumlazimisha mfanyabiashara wa namna hii arudishe fedha kupitia mahakama ya madai madogo, naomba anieleze alianzia wapi na alipeleka ushahidi gani.